Sungura Walioambiwa Watulie

Mumbua,

Kosa ambalo watu wengi hulifanya juu ya mfupa uliovunjika ni kuufunga, kisha kusahau kuufungua. Mtu akivunjika mguu, majirani wote humwambia neno moja: tulia. Anatulia mpaka plasta inakatwa, na ikishakatwa anaendelea kutulia, maana hakuna aliyemwambia utulivu huo unaisha lini. Mimi nilifanya kazi ya mifupa ya wanyama wadogo katika ujana wangu. Niliandika juu ya kosa hili kwa Kiingereza kirefu chenye michoro. Na bado limeingia nyumbani kwangu, likavuta kiti, likanywa chai.

Utaisoma barua hii asubuhi, kwa sababu nitaiweka juu ya sanduku lako ukiwa umelala. Kwa hiyo nikiandika "leo" mahali popote, ujue ni siku yako ya kuondoka, si jioni hii. Jioni hii jua limeingia nyuma ya vilima vya Iveti, wewe uko kwa shangazi yako unaaga, na baba yako yuko sebuleni anapigana na zipu ya sanduku. Mambo ya shuka, sabuni na nani wa kumsalimia ukifika Eldoret sitayagusa. Ameyasema mara nyingi hata kuku wanayajua.

Mimi nataka kukueleza juu ya sungura. Usicheke, mwaitu. Nakuita hivyo, kama ninavyomwita mama yangu, kwa sababu jina lake ndilo lako, na tangu uzaliwe sijaweza kukugombeza sawasawa bila kuona kama namgombeza yeye.

Unajua kwamba nilipomaliza masomo ya udaktari wa mifugo nilipewa nafasi ya kuendelea. Mwalimu wangu wa utafiti, ambaye sote tulimwita Prof, alikuwa na swali moja kubwa: mfupa uliovunjika unapenda kuchezeshwa, au haupendi? Wapasuaji wengi wa wakati ule walipenda bamba la chuma na skrubu, mfupa ushikwe barabara, usisogee hata kidogo. Lakini kila mtu aliyechunga mbuzi huku kwetu amemwona mbuzi aliyefungwa vijiti mguuni akichechemea kwenda mtoni na wenzake, na mfupa wake ukaunga, tena kwa kinundu kikubwa. Mbona? Na mbona mbuzi mwingine, anayechechemea vivyo hivyo, mguu wake hauungi kamwe?

Tuliwachagua sungura kwa sababu mifupa yao huunga haraka na chakula chao ni majani. Tuliwalaza kwa dawa ya usingizi, na wakiwa hawajui lolote ndipo mfupa ulipovunjwa. Ulipokuwa darasa la pili uliniuliza juu ya jambo hili, umesimama mlangoni na kijiko cha uji mkononi.

"Kwa hivyo mama, ulikuwa unavunja sungura makusudi?"

Nikasema ndiyo.

"Na uliwaambia pole?"

Nikasema niliwaambia, kila mmoja. Ulifikiri kidogo, ukaondoka, na hukuzungumza nami mpaka jioni. Sikukulaumu. Lilikuwa swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa na wakubwa, na jibu lake lilikuwa la kweli: niliwaambia pole, kisha nikafanya kazi yangu.

Nje ya mguu wa kila sungura tuliweka fremu ndogo ya chuma, yenye pini zilizoingia kwenye mfupa juu na chini ya palipovunjika. Kwa sungura wa kundi moja, fremu ilikazwa kabisa. Kwa kundi jingine tuliacha nafasi ndogo sana, kama unene wa ukucha, ili mfupa uweze kubonyea kidogo na kurudi kila sungura alipokanyaga. Kisha tukapiga picha za eksirei, wiki baada ya wiki, tukaangalia.

Ngoja nikueleze kinachotokea mle ndani, kwa sababu kiko ndani ya mguu wako pia. Kwanza damu huganda pale palipovunjika. Katika damu hiyo huota kitu laini, gegedu, kama kile unachokishika ukikunja sikio lako. Gegedu huzizunguka ncha mbili za mfupa kama udongo ambao mtu ameukanda kuzibia ufa, na polepole hugeuka kuwa mfupa wenyewe. Ule mchezo mdogo ndio unaoliita gegedu lije kwa wingi. Ukizuia kila mchezo, mfupa unaweza kuunga bado, lakini kwa njia nyingine ya polepole, bila kinundu. Na ukiuacha ucheze mno, hasa siku za mwanzo kabla chochote hakijashikana, ncha husuguana, kila kinachoota huchanika, na mwisho wake unapata mguu unaopinda mahali ambapo Mungu hakuweka goti.

Hili la mwisho nililijua kwa kulifanya. Nilikuwa na hakika kwamba mwendo ni mzuri, kwa hiyo sungura wangu wa kwanza niliwaachia nafasi kubwa, tena mapema. Prof alikuja kutoka Nairobi, akashika picha za eksirei dirishani moja baada ya nyingine. Kisha akaniuliza, "Wewe utotoni ulikuwa unafukua kunde kuona kama zimeota?"

"Ndiyo, Prof."

"Inaonekana."

Tukaanza upya. Safari hii nilikuwa mpole. Niliipa mifupa yao muda wa kushikana kwanza, halafu mchezo mdogo, halafu nikauongeza. Na wale wa kundi la kutulia niliwakazia fremu, nikawaweka kwenye rafu yao peke yao, mahali pa kivuli, mbali na mlango na mbwa wa mlinzi. Kila nilipopita niliwaambia, "Nyinyi mnatulia tu."

Sasa sikiliza kosa la pili, ambalo nadhani ni mtu wa kwetu tu angeweza kulifanya.

Kituo cha mifugo nilikofanyia kazi, nje kidogo ya mji wa Machakos, kilikuwa na jengo refu lenye vyumba viwili. Kimoja kilikuwa cha sungura wangu. Kingine kilikuwa na mashine ya posho, ambayo kituo kilimkodisha mfanyabiashara mmoja, na kina mama walipanga foleni hapo na madebe yao ya mahindi tangu asubuhi. Ukuta ulikuwa mmoja. Rafu ya sungura waliotulia ilikuwa imefungwa kwa boliti kwenye ukuta huo.

Na mimi nililelewa Kithyoko, nyuma ya mashine ya posho ya mjomba wangu. Nilijifunza kutambaa kwenye uwanja uliojaa unga. Mama alinibeba mgongoni pale akipeta mahindi, na mashine ikinguruma ndipo nilipolala. Ikizimwa niliamka nikalia. Kwangu mimi ngurumo ile haikuwa sauti. Ilikuwa kama rangi ya hewa.

Matokeo yangu yakaanza kunichanganya. Sungura waliochezeshwa waliunga vizuri, kama nilivyotarajia. Lakini waliotulia walikuwa ovyo. Mmoja alikuwa na mfupa uliounga polepole bila kinundu, kama vitabu vinavyosema. Jirani yake, kwenye rafu hiyo hiyo, alikuwa na kinundu kama aliyepanda mlima. Ukaja msimu wa ukame, nikaona waliotulia wote wametulia kweli, hakuna hata kinundu. Mvua ikarudi, mavuno yakaingia, wakaanza ujinga wao tena. Nilibadilisha majani. Nilibadilisha maji. Nilimshuku mlinzi kwamba huwafungulia sungura jioni wakacheze. Maskini mzee yule aliapa kwa jina la mama yake.

Prof akaja tena. Nilimpa chai, akasimama mbele ya sungura waliotulia akiwatazama, akaweka kikombe juu ya rafu ili avae miwani. Wakati huo huo yule mwenye mashine akaiwasha. Prof hakuvaa miwani. Alibaki anaangalia chai yake. Ilikuwa inatetemeka, duara ndani ya duara, kama dimbwi lililotupiwa kokoto.

"Ni nini hiyo?" akauliza.

"Ni nini nini, Prof?"

"Hiyo sauti."

"Sauti gani?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Nikatega sikio. Nakuambia kweli, mwanangu, ilinibidi nitafute. Nikasema, "Aa, hiyo? Hiyo ni mashine ya posho tu."

"Tu," akasema. "Na hawa ndio waliotulia?"

"Ndio hawa."

Aliweka kiganja kwenye rafu, akakiacha hapo, kisha akachukua mkono wangu akauweka kando ya wake. Rafu ilikuwa inatetemeka kama mgongo wa paka. Kila siku ya kazi, tangu asubuhi hadi mchana, sungura wangu waliokazwa wasisogee walikuwa wakitikiswa na mahindi ya Machakos, walio karibu na boliti kuliko wenzao. Na wakati wa ukame mashine ilinyamaza kwa sababu hakukuwa na cha kusaga, kwa hiyo wakatulia. Nilikuwa nimepita pale mwaka mzima nikisema mnatulia, mnatulia, na hakuna hata siku moja niliyoigusa rafu yao kuona kama ni kweli.

Nilidhani atanifukuza. Alikunywa chai yake yote kwanza. Ndipo akasema, "Hamisha rafu. Rudia. Na kwenye kazi yako uandike mashine ya posho, usiifiche. Atakayesoma ajue."

Niliandika. Kama mtikisiko ule uliwasaidia au uliwachanganya tu, sikuweza kusema kwa uhakika, nami niliandika hivyo pia. Kurudia kulinichelewesha, wenzangu wakanipita, wengine wakawa maprofesa. Mimi nikawa afisa wa mifugo wa kuzunguka Yatta na Masinga kwa pikipiki mpaka nilipostaafu. Sijutii hata kidogo. Ukurasa ule wa mashine ya posho ndio ninaoupenda kuliko kurasa zote nilizowahi kuandika. Na katika mwaka ule wa kurudia ndipo baba yako alipotokea. Ningemaliza kwa wakati, asingenikuta.

Wewe unajua hadithi hiyo kama anavyoisimulia yeye, ambaye kila mwaka anaongeza uzito wa mbuzi. Nikupe yangu.

Alikuja kituoni akiwa kijana mwembamba, mbuzi jike mabegani, miguu ya mbuzi imeshikwa kifuani kama mtu aliyevaa skafu. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa unaning'inia.

"Daktari ako wapi?"

"Ni mimi."

"Hapana, ile ingine. Mkubwa."

"Mkubwa ni mimi."

Akatazama nyuma yangu, akaona sungura. Akatazama pikipiki ya kituo mlangoni. Akamshusha mbuzi. Huyo, akanieleza, hakuwa mbuzi wa hivi hivi. Alikuwa mmoja wa mbuzi wa ntheo ya kaka yake, na alikuwa ameanguka kutoka ngazi ya juu ya shamba la mteremkoni hadi ndani ya mtaro. Wewe mwenyewe unajua ntheo ni nini kwetu. Ndio mbuzi wa kwanza kabisa kupelekwa nyumbani kwa msichana, na bila hao, hata muishi pamoja mpaka mvi, wazee watasema hakuna ndoa. Sasa wazee hao hao humkagua kila mbuzi anapoingia. Ukiwapelekea anayechechemea, umewatukana.

Nilimfunga mbuzi vijiti na bandeji, nikamwambia kijana amtulize kwa sasa, kisha amrudishe. Akamrudisha. Nilimpapasa mguu, kinundu kilikuwa kigumu na kizuri, mfupa umeshika. Lakini paja lake lilikuwa limekonda kama fimbo. Nikauliza amekuwa akilala wapi.

"Jikoni. Tumemfunga kwa nguzo. Mama anampelekea majani na maji hapo hapo."

"Na kutembea?"

"Mama amesema asikanyage. Siku imekaribia."

"Mfungue."

"Daktari, na akianguka?"

"Atainuka."

"Na akilemaa tutapeleka nini? Tukupeleke wewe?"

"Mimi sipelekwi," nikasema. "Mimi ndiye huletewa mbuzi."

Akamkuna mbuzi nyuma ya sikio. "Basi utaletewa," akasema.

Sikujua niweke uso wangu wapi. Nikamweleza habari ya mguu haraka haraka, kwa sauti ya darasani. Kwamba mfupa usiobebeshwa mzigo hupungua, kwa sababu mwili haulishi kisichofanya kazi. Kwamba vijiti vilikuwa vyema siku za mwanzo, na vikikaa mno ndivyo vinavyoleta kilema walichokuwa wakikiogopa. Amtembeze uwanjani kwanza, kisha hadi zizini, kisha na wenzake mtoni, akiongeza kidogo kila mara. Mama yake alinilaani, niliambiwa baadaye. Lakini alimfungua. Na siku ya ntheo mbuzi yule aliingia kwa wakwe kwa miguu yake minne, wazee wakamzunguka, wakampapasa, mmoja akauliza tu mbona amenona upande mmoja kuliko mwingine.

Kwa hiyo nyumba hii, mwanangu, imesimama juu ya mguu wa mbuzi uliofunguliwa kwa wakati wake. Sasa fikiria jinsi baba yako anavyonitazama siku hizi.

Ulipoteleza kwenye ngazi ya shamba na mtungi wa maji mgongoni, mimi ndiye niliyekuona ukianguka. Bado nasikia ule mtungi ukibiringika. Hospitalini walikufunga plasta vizuri, na plasta ilipokatwa daktari akaonyesha picha, akasema mbele yetu wote watatu: umeunga vizuri, anza kukanyaga, ongeza kidogo kidogo, gongo la kutembelea uliache. Nilitikisa kichwa kama mtaalamu mwenzake. Nilimweleza hata neno la Kiingereza la kinundu kile.

Kisha tukarudi nyumbani, nikaanza kukuletea maji ya kuoga hadi mlangoni. Nikakuletea chakula kitandani, nikakuchukulia nguo kwenye kamba. Na siku ile kuku alipoingia na kipande cha ukwaju mdomoni, ukamkimbiza kutoka jikoni hadi karibu na tangi ukicheka, miguu yote miwili chini, umesahau kabisa kwamba wewe ni mgonjwa, mimi nilifanya nini? Nilikufuata mbio na gongo. "Mumbua! Gongo!" Nikaona kicheko kikikutoka usoni. Ukatazama mguu wako kana kwamba umekuta mali ya mtu mwingine. Hujakimbia tena tangu siku hiyo.

Baba yako alikuwa kwenye ngazi ya mlango akinoa panga. Alingoja uingie ndani.

"Daktari wa sungura," akaniambia, "plasta ya kwanza ilikatwa hospitalini. Hii ingine itakatwa lini?"

"Plasta gani?"

"Wewe."

Nilimkasirikia siku nzima. Lakini juzi, mezani, ulipomuuliza, "Kwani baba, nikingoja mwaka mmoja chuo kitahama?" nilijisikia moyoni nikifurahi. Nilikuwa tayari nimeshafungua mdomo kusema hakitahama, ngoja tu, upate nguvu. Nikamwona anaangalia kikombe chake cha chai. Sijui kama alifanya makusudi. Chai yake ilikuwa imetulia kabisa, lakini mimi niliona ile ya Prof. Nikatega sikio, kama siku ile, na ndipo nilipoisikia sauti iliyokuwa ikinguruma humu ndani tangu uanguke, sauti yangu mwenyewe: pole pole, usiinue, ngoja nikuletee, kaa. Nilikuwa nimeizoea kiasi cha kutoisikia. Nikafunga mdomo. Baba yako akasema utakwenda, nawe ukakubali, mradi gongo liende nawe. Nimeliona limefungwa kando ya sanduku kwa kamba ya mkonge.

Sikuandikii haya ili ujione jasiri, wala ili ujilaumu kwa kuogopa. Ungekuwa mtu wa ajabu kama usingeogopa, baada ya kuusikia mfupa wako mwenyewe ukilia. Na siwezi kukuahidi kwamba mguu hautauma. Utauma, hasa jioni, hasa kwenye ngazi za bweni. Yapo maumivu ya mguu uliofanya kazi, yanayosambaa na kuisha ukilala; hayo yapokee. Yapo mengine makali, ya mahali pamoja, yasiyokuacha hata asubuhi. Kwa hayo nenda hospitali, usinisikilize mimi wala mtu mwingine. Ukianza kuyatofautisha utakuwa umejua zaidi ya niliyojua mimi nilipoanza na sungura. Usijiharakishe. Nilishafukua kunde za kutosha kwa niaba ya ukoo mzima.

Jambo jingine moja tu, nalo linakuhusu ukiwa mbali nami. Utakutana na watu watakaokuambia utulie, na wengi watakuwa wanakupenda. Wakati mwingine watakuwa na haki. Waulize kwa adabu: mpaka lini? Kama hawana jibu, basi huenda ni sauti tu waliyoizoea. Na wewe ukimwambia mtu mwingine atulie, mwanafunzi mwenzako, mume, mtoto, mwambie na mwisho wake papo hapo, kabla hujasahau. Mimi sikukuambia. Ningekuambia siku ile plasta ilipokatwa, ungeshakuwa unakimbiza kuku hadi Ekalakala.

Nyumba itakuwa kimya. Kaka zako walipoondoka nilibaki na wewe. Sasa nabaki na baba yako, ambaye nimesikia zipu ikimkatikia saa hii na neno alilolisema silirudii hapa. Tutakuwa salama. Nimefikiri jioni nzima kama nina huzuni, nimejipapasa kama ninavyompapasa mbuzi, na pale nilipotarajia maumivu nimekuta kinundu kigumu, kizuri. Nimeridhika, mwaitu. Ulikuja, ukakaa, ukavunjika, ukaunga, unakwenda. Mama yangu angeuliza tu kama umekula.

Sasa ya leo. Maji yako ya kuoga nitayapasha yawe vuguvugu kabla ya kupambazuka, nayo yatakuwa jikoni, kwenye ndoo ya bluu, karibu na mlango. Nimeijaza nusu, si zaidi. Kutoka jikoni hadi bafuni ni uwanja tu na ngazi moja. Sitakuletea. Baba yako nimemkataza, na ameapa, ingawa uso wake siuamini. Nitakuwa nimekaa kwenye kigoda nikichambua mchele, wala sitainua macho.

Inuka, acha gongo pale lilipofungwa, uje uchukue ndoo yako.

Mama yako